Historia ya Kumwangalia Mgonjwa Mahututi: Kutoka Chati ya Kitandani hadi Akili Unde

Mgonjwa mahututi ni mtu ambaye kiungo kimoja au zaidi kati ya vile vinavyobeba uhai, yaani mapafu, moyo, figo au ubongo, kimeshindwa kufanya kazi au kinakaribia kushindwa. Hali yake hubadilika ndani ya dakika chache, kwa hiyo matibabu yake hayatenganishwi na uangalizi. Mapigo ya moyo, shinikizo la damu, kasi ya kupumua, joto, oksijeni iliyomo katika damu na kiwango cha ufahamu hupimwa na kupimwa tena, usiku na mchana. Katika hospitali kubwa za leo vipimo hivyo huchukuliwa na mashine bila kukoma, na katika baadhi yake programu za akili unde husoma takwimu hizo na kutabiri ni mgonjwa yupi atakayezidiwa saa chache zijazo. Programu hizo bado ni changa, lakini kazi inayofanywa nazo ina historia ya zaidi ya miaka 300. Katika historia hiyo jambo moja limejirudia: kipimo kipya kiliokoa maisha pale tu palipokuwa na mtu karibu, mwenye ujuzi na ruhusa ya kuchukua hatua.

Vipimo vya mwanzo

Kushika mkono wa mgonjwa na kusikiliza mapigo ni desturi ya kale. Waganga wa China, India na Ugiriki waliifuata, na Ibn Sina aliieleza kwa kina katika kitabu chake cha Qanun. Hata hivyo waganga hao walizingatia zaidi nguvu na mwendo wa pigo kuliko idadi yake. Mwaka 1707 daktari Mwingereza John Floyer alichapisha kitabu kuhusu saa aliyoitengenezesha ili ihesabu dakika moja kamili, na kwa saa hiyo mapigo ya mtu mmoja yakaweza kulinganishwa na ya mwingine.

Joto la mwili lilifuata. Carl Wunderlich wa Leipzig, Ujerumani, alipima wagonjwa wapatao 25,000, na mwaka 1868 akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba kila homa ina mwenendo wake wa kupanda na kushuka. Vipimajoto vya wakati huo vilikuwa virefu na vilichukua muda mwingi kutoa jibu. Katika miaka hiyohiyo ya 1860 Mwingereza Clifford Allbutt alibuni kifupi cha sentimita 15 hivi, kilichotoa jibu kwa dakika tano. Kupima joto kukawa kazi ya kila siku ya muuguzi, na mstari wa joto ukachorwa kwenye karatasi. Chati inayoning'inizwa kitandani, ambayo bado hutumika katika wodi nyingi za Afrika Mashariki, imetokana na kazi hiyo.

Mwaka 1894 wanafunzi wawili wa udaktari mjini Boston, Harvey Cushing na Ernest Codman, walianza kuandika mapigo na pumzi za mgonjwa wakati wote wa upasuaji. Sababu yao ilikuwa chungu: wagonjwa walikuwa wakifia mezani kutokana na dawa ya usingizi, na hakuna aliyejua hatari ilianza dakika gani. Miaka miwili baadaye Scipione Riva-Rocci wa Italia alitengeneza mkanda wa kujazwa hewa unaofungwa mkononi kupima shinikizo la damu. Cushing aliuona mkanda huo mwaka 1901 alipozuru Italia, akaupeleka Marekani. Mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaeleza sauti zinazosikika chini ya mkanda huo, na njia yake ndiyo inayofundishwa hadi leo.

Umeme wa moyo ulirekodiwa kwa usahihi na Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, mwanzoni mwa karne ya 20. Mashine yake ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 270 na ilihitaji watu watano kuiendesha. Kwa kuwa haikuweza kupelekwa wodini, mwaka 1905 Einthoven alitumia waya wa simu kuleta umeme wa mioyo ya wagonjwa kutoka hospitalini hadi maabara yake, mwendo wa kilomita moja na nusu hivi. Huo ulikuwa mwanzo wa kumwangalia mgonjwa kwa mbali. Mwaka 1924 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Copenhagen, 1952

Wazo la kuwakusanya wagonjwa mahututi sehemu moja lilikuwapo tangu karne ya 19. Mwaka 1863 Florence Nightingale aliandika kuhusu hospitali ndogo za Uingereza zilizotenga chumba kando ya chumba cha upasuaji kwa ajili ya waliotoka kupasuliwa. Lakini wodi ya wagonjwa mahututi kama inavyojulikana leo ilizaliwa Denmark, katika mlipuko wa polio.

Mwishoni mwa majira ya joto ya 1952 hospitali ya Blegdam mjini Copenhagen ilipokea hadi wagonjwa 50 kwa siku. Wengi walipooza misuli ya kupumulia na kumezea. Hospitali ilikuwa na pafu la chuma moja, yaani tangi linalopunguza na kurudisha shinikizo la hewa kuuzunguka mwili wa mgonjwa ili hewa iingie na kutoka mapafuni, pamoja na vifaa sita vidogo vya kufungwa kifuani. Katika majuma matatu ya kwanza wagonjwa 31 waliwekwa kwenye vifaa hivyo, na 27 kati yao wakafa.

Vipimo vya damu yao vilionyesha bikaboneti nyingi, na madaktari wakaichukulia kuwa hitilafu ya damu wasiyoweza kuieleza. Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi aliyeitwa kutoa ushauri, aliisoma namba hiyohiyo kwa jicho jingine. Katika chumba cha upasuaji alikuwa amezoea kuona kinachotokea mgonjwa asipopumua vya kutosha: kaboni dioksaidi hubaki mwilini, na bikaboneti hupanda kwa sababu hiyo. Kwa maelezo yake, wagonjwa walikuwa wanakufa kwa kukosa pumzi huku wakiwa ndani ya mashine ya kupumulia.

Tarehe 27 Agosti aliletewa msichana wa miaka 12 aliyekuwa karibu kukata roho. Koo lake lilitobolewa, mpira ukapitishwa hadi kwenye njia ya hewa, na Ibsen akaanza kumpulizia hewa kwa kuminya mfuko kwa mkono. Mtoto alihangaika, akashindana na mfuko, hali ikazidi kuwa mbaya. Ibsen akampa dawa ya usingizi. Misuli ilipolegea, hewa ikaingia, kaboni dioksaidi ikashuka, na rangi ya ngozi ikarudi.

Kwa kuwa hapakuwa na mashine za kutosha, waliitwa wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500, wakaminya mifuko kwa zamu, saa 24, kwa miezi kadhaa. Kila mwanafunzi aliketi kichwani pa mgonjwa mmoja, akimtazama usoni. Jasho, ngozi kubadilika rangi na shinikizo la damu kupanda vilimwambia kwamba kaboni dioksaidi inajaa na mkono wake uongeze kasi. Vifo, ambavyo mwanzoni vilizidi asilimia 80 ya waliopooza namna hiyo, vilishuka hadi karibu asilimia 40 kabla mlipuko haujakwisha. Mtu aliyekaa karibu saa zote, akipima na kurekebisha, ndiye aliyeleta tofauti hiyo. Desemba 1953 Ibsen alifungua katika hospitali nyingine ya mji huo wodi inayohesabiwa kuwa ya kwanza duniani ya wagonjwa mahututi wa kila aina. Mwaka 1958 Peter Safar alianzisha nyingine Baltimore, Marekani, yenye madaktari wa zamu usiku na mchana.

Skrini na kengele

Kwa wagonjwa wa moyo, uangalizi wa kudumu ulikuwa na faida ndogo maadamu moyo ukisimama hakuna la kufanya. Hali hiyo ilibadilika ndani ya miaka michache. Mwaka 1956 Paul Zoll alionyesha kwamba moyo uliovurugika unaweza kurudishwa katika mwendo wake kwa umeme unaopitishwa juu ya kifua, na mwaka 1960 watafiti wa Johns Hopkins wakaeleza namna ya kuusukuma moyo kwa kubonyeza kifua. Sasa kengele ilikuwa na maana, kwa sababu anayeisikia alikuwa na la kufanya.

Mwaka 1961 Desmond Julian wa Edinburgh alipendekeza wagonjwa wa shambulio la moyo wakusanywe katika wodi moja yenye mashine za kuonyesha umeme wa moyo, na mwaka 1962 Hughes Day alifungua wodi ya namna hiyo Kansas City. Punde ikadhihirika kwamba kumsubiri daktari kunapoteza dakika ambazo mgonjwa hana. Wauguzi wakafundishwa kusoma mstari kwenye skrini na kutumia mashine ya umeme bila kungoja amri. Ruhusa hiyo ndiyo iliyoipa skrini thamani yake.

Kipimo kingine kilichosambaa sana kilitoka Japani. Mapema miaka ya 1970 mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden alikuwa akitafuta njia ya kupima kazi ya moyo kwa kuchoma rangi kwenye mshipa na kumulika sikio. Kila pigo la moyo liliuchezesha mstari wake na kumharibia hesabu. Alipokuwa akitafuta namna ya kuliondoa pigo hilo, alitambua kwamba ndilo lenye jibu: mabadiliko ya mwanga kwa kila pigo yanatokana na damu ya ateri pekee, na kwa kulinganisha aina mbili za mwanga kiasi cha oksijeni kinaweza kujulikana bila kumchoma mgonjwa sindano. Alitangaza ugunduzi wake, ambao ndio msingi wa kipima oksijeni cha kidoleni, mwaka 1974. Kabla ya hapo daktari alitegemea kutazama rangi ya midomo na kucha, njia inayochelewa kwa mgonjwa yeyote na inayopotosha zaidi kwa mwenye ngozi nyeusi.

Si kila kipimo kilifaulu. Mwaka 1970 Jeremy Swan na William Ganz wa Los Angeles walitambulisha mpira mwembamba unaopitishwa ndani ya moyo hadi kwenye mshipa wa mapafu. Ulitoa namba nyingi na ukatumika kwa mamilioni ya wagonjwa. Majaribio makubwa ya baadaye, likiwemo la Uingereza lililochapishwa mwaka 2005, hayakuona kwamba uliwapunguzia wagonjwa vifo, na matumizi yake yakapungua sana.

Wakati huohuo kengele zilizidi. Kila mashine iliwekewa vikomo, na namba ikivuka kikomo mashine hulia, hata kama sababu ni mgonjwa kujigeuza au waya kulegea. Mwaka 2014 watafiti wa San Francisco walichapisha hesabu ya kengele zote za wodi tano za wagonjwa mahututi kwa siku 31. Zilikuwa zaidi ya milioni 2.5, na kwa kila kitanda zilizosikika kwa sauti zilikuwa 187 kwa siku. Walipochunguza kengele 12,671 za mapigo ya moyo kwenda kombo, karibu asilimia 89 hazikuwa za kweli. Muuguzi anayeishi katika kelele hizo huacha kuzisikia. Mwaka 2013 chombo kinachosimamia ubora wa hospitali Marekani kilitoa onyo baada ya kupokea taarifa 98 za ajali zilizohusiana na kengele, 80 kati yake zikiwa za vifo.

Kutoka hesabu hadi kujifunza

Jitihada za kuzijumlisha namba zilianza kwa kalamu. Mwaka 1981 William Knaus na wenzake mjini Washington walitoa mfumo wa APACHE unaokadiria ukali wa ugonjwa, na toleo lake la 1985 lilitumia vipimo 12 vya mwili pamoja na umri na magonjwa ya awali. Uingereza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, ilibuni alama za tahadhari kwa wodi za kawaida. Kila kipimo hupewa pointi, na jumla ikifika kiwango fulani daktari lazima aitwe. Mwaka 2012 alama hizo ziliunganishwa kuwa mfumo mmoja wa taifa. Faida yake ni kwamba hauhitaji kompyuta.

Akili unde ilihitaji kitu kingine, yaani kumbukumbu za wagonjwa wengi ambazo mashine ingejifunzia. Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts na hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston zilikusanya rekodi za wodi za wagonjwa mahututi kuanzia 2001, zikaondoa majina na kuzifungulia watafiti duniani. Toleo la mwaka 2016 lilikuwa na wagonjwa zaidi ya 40,000. Programu hupewa rekodi hizo pamoja na matokeo, nani alipona na nani alizidiwa saa ngapi, nayo hutafuta mpangilio wa namba uliotangulia kila tukio. Hakuna mtu anayeipangia vikomo. Huvipata yenyewe, kwa uzuri au ubaya wa rekodi ilizopewa.

Mfano wa mapema ulihusu watoto njiti. Katika Chuo Kikuu cha Virginia, Randall Moorman na wenzake waligundua kwamba saa kadhaa kabla mtoto hajaonyesha dalili za sepsisi, hali ambapo maambukizi huufanya mwili uharibu viungo vyake wenyewe, mapigo ya moyo hupoteza mabadiliko madogo ya kawaida na kushuka ghafla mara kwa mara. Jicho la muuguzi haliwezi kuona hilo kwenye skrini. Walitengeneza programu inayoonyesha namba moja: hatari ya mtoto huyu kwa saa 24 zijazo ni mara ngapi ya wastani. Jaribio lililochapishwa mwaka 2011 liliwagawa kwa bahati nasibu watoto 3,003 wenye uzito mdogo sana. Kwa wale ambao namba yao ilionyeshwa kwa wauguzi na madaktari, vifo vilikuwa asilimia 8.1, na kwa wale ambao ilifichwa, asilimia 10.2.

Miaka iliyofuata ilileta mifumo mingi. Mwaka 2019 kampuni ya DeepMind ilitangaza programu iliyofunzwa kwa rekodi za zaidi ya wagonjwa 700,000 wa hospitali za askari wastaafu wa Marekani. Ilitabiri zaidi ya nusu ya matukio ya figo kushindwa ghafla hadi saa 48 kabla, lakini kwa kila tahadhari ya kweli kulikuwa na mbili za uongo, na wanawake walikuwa takribani asilimia 6 tu ya rekodi hizo. Mwaka 2020 watafiti wa Zurich na Bern, Uswisi, walionyesha programu inayotambua asilimia 90 ya matukio ya mzunguko wa damu kushindwa, mengi yake zaidi ya saa mbili kabla, kwa kengele chache sana kuliko za mashine za kawaida.

Mifumo miwili ya kutabiri sepsisi inaonyesha jinsi matokeo yanavyoweza kutofautiana. Wa kwanza uliuzwa na kampuni ya Epic na kutumika katika mamia ya hospitali za Marekani. Mwaka 2021 watafiti wa Michigan waliupima kwa wagonjwa 27,697 wa hospitali yao, wakakuta ulikosa theluthi mbili ya wenye sepsisi, huku ukitoa tahadhari kwa asilimia 18 ya waliolazwa wote. Miongoni mwa taarifa ulizozitegemea ni maagizo ya dawa za kuua bakteria, na daktari anayeandika agizo hilo tayari anashuku maambukizi. Wa pili, uitwao TREWS, ulibuniwa na kundi la Suchi Saria wa Johns Hopkins na kutumika katika hospitali tano kwa wagonjwa zaidi ya 590,000. Taarifa yake ya mwaka 2022 ilieleza kwamba wagonjwa wa sepsisi ambao tahadhari yao ilithibitishwa na mtoa huduma ndani ya saa tatu walikufa kwa uwiano uliokuwa chini kwa karibu asilimia 19 kuliko wale ambao yao haikuthibitishwa kwa wakati. Wagonjwa hao hawakugawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo matokeo hayo si uthibitisho kamili. Hata hivyo faida iliyopimwa inahusu tahadhari iliyopata mtu wa kuiitikia.

Rekodi zenyewe nazo zina kasoro. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walilinganisha kipima oksijeni cha kidoleni na kipimo cha damu ya ateri. Pale kidole kilipoonyesha oksijeni ya kutosha, kati ya asilimia 92 na 96, damu ilionyesha upungufu mkubwa kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Programu inayosoma namba za kidoleni hurithi kosa hilo.

Afrika Mashariki

Katika ukanda huu wodi za wagonjwa mahututi zimejikusanya katika hospitali za rufaa na za binafsi mijini. Mwanzoni mwa janga la Uviko-19 mwaka 2020, Kenya ilihesabiwa kuwa na vitanda 537 vya wagonjwa mahututi na mashine 256 za kupumulia kwa nchi nzima. Hata hivyo wagonjwa mahututi wengi hawako katika wodi hizo. Utafiti wa nchi 22 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2025 na kuhusisha karibu wagonjwa 20,000 katika hospitali 180, ulikuta mtu mmoja kati ya wanane waliolazwa ni mahututi. Takribani asilimia 69 ya hao walikuwa wodi za kawaida, na mmoja kati ya watano alikufa ndani ya juma moja. Wengi hawakupata hata oksijeni au dripu waliyoihitaji.

Mabadiliko yenye matokeo yaliyopimwa yalifanyika Muhimbili, Dar es Salaam, bila akili unde yoyote. Katika wodi ya wagonjwa mahututi viliwekwa vikomo vya hatari kwa kila kipimo. Muuguzi akikuta kipimo kimoja tu kimevuka kikomo, kulikuwa na hatua zilizoandikwa za kuchukuliwa papo hapo. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2015 ilionyesha kwamba vifo vya waliolazwa wakiwa na shinikizo la chini sana la damu vilishuka kutoka asilimia 92 hadi 69. Mwaka 2021 wataalamu wa nchi mbalimbali waliorodhesha huduma 40 za msingi ambazo kila hospitali duniani ingepaswa kumpa mgonjwa mahututi, na nyingi ni za namna hiyo: pima, tambua, anza matibabu rahisi, ita msaada.

Akili unde hutabiri kutokana na vipimo vilivyochukuliwa, na pasipo na vipimo haina cha kusoma. Iliyofunzwa Boston au Zurich inahitaji kupimwa upya kwa wagonjwa wa hapa kabla ya kuaminiwa, kwa sababu magonjwa, ngozi, umri na namna ya kujaza rekodi vinatofautiana. Kwa hospitali nyingi za Afrika Mashariki, maandalizi ya kwanza ya teknolojia hiyo ni kipima oksijeni kinachofanya kazi, chati inayojazwa kwa wakati, mtungi wenye oksijeni, na wauguzi wa kutosha katika kila zamu wenye ruhusa ya kuanza matibabu.